Kishale Kikigoma Kuvuka: Kipanya Kimoja kwa Kompyuta Mbili

Katika sekretaria za karibu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mchapaji mmoja mara nyingi huhudumia kompyuta mbili: hapa anachapa TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya mwanafunzi, pale anaongoza printa. Programu kama Deskflow au Input Leap humwezesha kutumia kipanya kimoja kwa zote mbili, kishale kikivuka ukingo wa skrini hii na kutokea kwenye ile. Siku kinapogoma, watu hukimbilia kununua kipanya kipya. Usitoe pesa bado.

Hatua ya 1: Pima kipanya peke yake. Funga programu, ukitumie pale kilipochomekwa. Kikirukaruka hata hapo, kosa ni lake. Kama hakina waya, sogeza kipokezi chake mbali na tundu la USB 3.0 lenye diski, kwa kuwa USB 3.0 huvuruga masafa ya 2.4 GHz.

Hatua ya 2: Kagua anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Hapa ndipo penye kesi nyingi za mji wetu. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme, ruta huzimika. Umeme ukirudi, huenda ikagawa anwani upya. Kompyuta ya pili inaendelea kuitafuta ya kwanza kwenye 192.168.1.20, kumbe imeshahamia 192.168.1.23. Kwenye kompyuta yenye kipanya, yaani seva, fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, soma mstari wa IPv4, kisha linganisha na anwani iliyo kwenye kompyuta ya pili.

Kusahihisha namba tu hakutoshi, maana umeme utakatika tena. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani), uitengee seva anwani moja ya kudumu.

Kama mnategemea Wi-Fi ya simu, mimi napendelea njia nyingine kabisa: unganisha kompyuta mbili moja kwa moja kwa waya wa mtandao. Ipe moja 192.168.50.1, nyingine 192.168.50.2, zote mbili zikiwa na 255.255.255.0 kwenye nafasi ya subnet mask. Waya wa kawaida unatosha kwa mashine za siku hizi. Simu ikiondoka na mwenyewe, kazi haisimami. Kishale hakihitaji intaneti, wala hakili mega za mtu.

Hatua ya 3: Fungua njia. Windows ikiuchukulia mtandao wenu kuwa wa umma, huweza kuzuia programu. Ubadilishe uwe wa binafsi, na uruhusu mlango (port) TCP 24800, ambao programu hizi hupitia, kwenye ngome (firewall) ya seva.

Hatua ya 4: Linganisha majina. Jina la skrini kwenye seva lilingane herufi kwa herufi na lile la kompyuta ya pili.

Hatua ya 5: Kinavuka, lakini kinasitasita. Kwenye dirisha la amri, andika `ping -t` na anwani ya ruta, uone ruta inachukua muda gani kujibu. Muda ukipanda ghafla kutoka milisekunde 2 hadi 200, tatizo ni Wi-Fi. Tumia waya, au zima uokoaji wa umeme wa kadi ya Wi-Fi.

Hatua ya 6: Kinafika, lakini hakibofyi. Huenda dirisha lililo mbele limefunguliwa kwa haki za msimamizi. Ipe programu haki hizohizo kwenye kompyuta hiyo. Na kama kishale kimefungiwa kwenye skrini moja ingawa muunganisho ni mzima, bonyeza Scroll Lock mara moja: katika programu za ukoo huu, kitufe hicho huweza kukizuia kisivuke.