Kabla hujavusha paneli kwenda Ukara

Ukifunga sola Mwanza mjini kitu kikapungua, unatuma bodaboda dukani na kazi inaendelea. Ukiwa Ukara, kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, fyuzi moja ikikosekana umelala siku mbili. Mimi nafunga sola visiwani nikitokea Kirumba, hapo Mwanza, na haya ndiyo ninayomwambia mteja kabla hajatoa hela.

Tafuta fundi kwanza, paneli baadaye. Paneli zipo. Nyingi zinatengenezwa China, zinashushwa bandari ya Dar es Salaam, malori yanazileta huku. Wa kugombaniwa ni fundi anayeujua umeme wa DC, ule wa paneli na betri unaokwenda upande mmoja tu. Wafunga umeme wa nyumba ni wengi, basi mwulize: breka ya AC, ya umeme wa kawaida wa nyumba, inafaa kwenye waya wa paneli? Akikujibu breka ni breka, mshukuru, tafuta mwingine. Umeme wa TANESCO unashuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo breka ikifunguka cheche inakatika. Wa paneli haupumziki. Cheche inaweza kuendelea kuwaka mpaka breka iyeyuke. Niliitwa duka moja nikakuta breka ya hivyo imevimba kama andazi, ukuta nyuma yake mweusi tii. Watoto walikuwa wanalala chumba cha pili. Sijalisahau lile.

Halafu vile vidogo. Fyuzi na breka za DC, viunganishi vya MC4 (vya kuungia waya za paneli), vichwa vya waya: hivyo ndivyo vinavyoadimika, na ndivyo vinavyosimamisha kazi. Kila kimoja nunua na cha akiba, fungasha kwenye ndoo yenye mfuniko, maana kutoka Nansio hadi Bugolora, kule Ukerewe, ni vumbi na kutoka Bugolora hadi Bwisya ya Ukara ni maji.

Waya usinunue kwa macho. Omba kipande, kikwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka kiini. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: kwa unene uleule inapitisha umeme kidogo, na maungio yake yanapata moto.

Betri iwe ya mwisho kununuliwa. Ya asidi ikikaa dukani bila chaji inakufa taratibu huku kwa nje inang'aa. Nenda na mita. Ya volti 12 iliyojaa na kutulia isome karibu 12.7, ikisoma 12.1, muachie mwenyewe. Ya lithiamu volti yake haisemi mengi, hiyo ijaribuni kwa mzigo.

Na upange siku. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa haitoki, maana dagaa hawaifuati taa. Siku hizo wavuvi wote wanaleta taa zao za sola kutengenezwa, mafundi hatushikiki. Kama kazi yako ni ya nyumba au duka, niite giza likirudi.

La mwisho nalishikilia sana: fundi akija, mpe kijana wa hapohapo ashinde naye, na umlipe huyo kijana. Ajifunze kusoma kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri), kukaza vichwa vya betri, kuosha kinyesi cha ndege kwenye paneli asubuhi kabla ya jua kali. Kuna mmoja Bwisya alianza kwa kunishikia ngazi. Sasa ndiye anayenipigia kuniambia nipande kivuko na fyuzi za ampia ngapi.