Somo: Namna ya kuhesabu magari kwenye barabara yenye foleni

Mfano wetu ni Barabara ya Nyerere hapa Mwanza, inayotoka mjini kupitia Mabatini na Buzuruga kwenda Igoma hadi Musoma.

1. Pa kusimama. Epuka stendi na makutano. Pale Buzuruga daladala zinaingia, zinatoka, nyingine zinageuza. Moja utaihesabu mara mbili. Tafuta kipande kilichonyooka ambapo magari yanatembea. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa na uwasalimie vijana wa kijiweni, maana mtu mwenye kalamu na karatasi kando ya barabara hudhaniwa mtu wa ushuru.

2. Karatasi. Kila mstari ni robo saa, kila safu ni aina ya chombo: pikipiki, bajaji, gari dogo, daladala, basi kubwa, lori la ekseli (mihimili ya magurudumu) mbili, lori la ekseli tatu na kuendelea, baiskeli na mikokoteni. Kila uelekeo na karatasi yake. Toyo la mizigo (pikipiki ya magurudumu matatu) liwekeni safu moja wote. Mkibishana katikati ya kazi mmekwisha. Piga vijiti vinne, cha tano kikatize.

3. Watu. Kila uelekeo wawili, na mmoja ahesabu pikipiki tu. Daladala ikisimama kushusha, bodaboda mmoja anapenya kushoto, wawili wanapita kulia, na wewe bado unaandika daladala.

4. Muda. Saa 12 asubuhi hadi 12 jioni inatosha kwa mazoezi. Hesabu ya kusanifu barabara kwa kawaida huchukua siku 7, baadhi zikiwa za saa 24, kwa sababu malori mengi husafiri usiku.

5. Hesabu. Tuseme robo saa nne zimetoa magari 210, 260, 300 na 230. Jumla ni 1,000 kwa saa. Robo iliyojaa zaidi ukiizidisha kwa 4 unapata 1,200. Gawa 1,000 kwa 1,200: 0.83. Ikikaribia 1, magari yanakuja sawasawa. Ikishuka, yanakuja kwa mkupuo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, saa 1 na nusu asubuhi foleni ilikuwa ndefu kweli, lakini nimepata magari machache kuliko saa 4. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Umehesabu waliopita, hukuhesabu waliokwama. Foleni ikikaza, wanaopita hupungua huku wanaotaka kupita wakiongezeka. Mwanzo na mwisho wa kila robo saa andika foleni imefika wapi, au sogea nyuma hadi mkia wa foleni uhesabu wanaofika. Ripoti isiyo na hilo itasema barabara ina nafasi saa ambayo watu wanashuka na kutembea kwa miguu!

Swali: Kaka, simu ikirekodi video si inatosha?

Jibu: Inatosha ukiiweka juu, ghorofani kwa mfano. Ukiiweka chini, semitrela moja itaficha pikipiki zote za nyuma yake. Jioni usiielekeze magharibi, jua litaharibu picha.

Swali: Pikipiki moja na lori moja zinahesabika sawa?

Jibu: Kwenye idadi, ndiyo. Kwenye nafasi barabarani, hapana: gari dogo ni 1, pikipiki huchukuliwa nusu au pungufu, lori kubwa 2 au 3 kutegemea mwongozo. Taja mwongozo uliotumia.

Swali: Nikitaka takwimu zilizokwisha kukusanywa niende wapi?

Jibu: Barabara ya Nyerere ni barabara kuu, kwa hiyo nenda TANROADS (Wakala wa Barabara) mkoa. Za mitaani ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Nenda na barua ya chuo, mdogo wangu.