Somo: Kuvuna maji ya mvua nyumbani, anza na paa, tangi lije mwisho

Salaam wakuu. Wengi tukitaka kuvuna maji tunaanzia dukani: tunanunua tangi, halafu ndipo tunatafuta namna ya kulijaza. Nawasihi mgeuze utaratibu huo. Tangi ndilo linalokula hela, na ukikosea ukubwa wake huna la kurekebisha. Maji utakayopata, na usafi wake, vinaamuliwa na paa na gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa.

Hatua ya 1: Pima paa. Simama chini na futi kamba, pima urefu na upana wa eneo ambalo paa limelifunika, mwinuko hauhesabiwi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina mita za mraba 60, hivyo mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,200. Toa moja ya tano inayorukia nje na kuvuja, unabaki na lita 960. Hizo ni ndoo 48 za lita 20 ambazo hakuna mama wala mtoto aliyezibeba kichwani.

Bati ndilo bora. Paa la nyasi linatoa maji machache na yenye rangi. Paa lililopakwa rangi yenye madini ya risasi, maji yake yasinywewe kabisa.

Hatua ya 2: Hesabu kiangazi. Usipige hesabu kwa mvua ya mwaka mzima. Angalia siku ambazo mvua hainyeshi. Watu 5, kila mmoja lita 20 kwa siku, kiangazi cha siku 90: lita 9,000. Mfuko ukikubana, hesabu maji ya kunywa na kupikia peke yake, lita 5 kwa mtu, unapata lita 2,250. Tangi dogo lililopigiwa hesabu namna hii linafaa kuliko kubwa lisilojaa.

Hatua ya 3: Funga gata. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha. Kabla ya kukaza misumari, mwaga kopo la maji upande wa juu uone kama yanafika bombani yote. Fundi mmoja alinifungia gata iliyonyooka, nzuri kuitazama. Wiki moja baada ya mvua nikakuta viluwiluwi vya mbu vinacheza katikati yake.

Hatua ya 4: Bomba la maji ya kwanza. Hapa nawaomba msiruke. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kinga ndoo tatu mfululizo kutoka kwenye gata. Ya kwanza inakuja nyeusi, ina vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Ya pili inaanza kung'aa. Ya tatu unaona hadi chini ya ndoo. Bila bomba hili, ile ndoo ya kwanza inaingia tangini na kukaa humo miezi.

Kabla bomba halijafika tangini, weka kiungo cha T, na chini yake shusha bomba la wima lililozibwa kwa kifuniko cha kufungulika. Maji machafu yanalijaza, likishajaa yanayofuata yanapita juu kwenda tangini. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko ili lijimwage lenyewe taratibu. Kwa paa letu la mita za mraba 60, tenga angalau lita 30. Bomba la inchi 6 linabeba kama lita 18 kwa mita, kwa hiyo mita 1.7 hivi.

Hatua ya 5: Tangi. Lita 10,000 ni tani 10, msingi uwe wa kweli. Koki ikae sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Funika mwanga usiingie, maana mwanga huotesha ukijani. Bomba la kufurikia livikwe wavu wa mbu, na maji yake yaelekezwe mbali na msingi wa nyumba.

MASWALI

*Mkuu, mimi nina kisima, ila choo cha shimo kiko mita 12 tu. Kuna shida?*
Ipo, ndugu yangu, hata kama maji yanaonekana maangavu. Kinachoshauriwa ni mita 30 au zaidi, na kisima kiwe upande wa juu. Maji hayo yatumie kwa usafi, ya kunywa chukua ya mvua, na choo kinachofuata kichimbwe mbali.

*Ya mvua nayo nichemshe?*
Ndiyo dada, yatokote dakika 1. Ukiishi juu ya mita 2,000, dakika 3. Kuni zikiwa adimu, jaza chupa safi za plastiki zinazoonyesha ndani, zilaze juani kwa muda wa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu. Maji yawe maangavu, la sivyo mionzi haipenyi.

*Pampu yangu imekaa juu, maji yako mita 15 chini, inanguruma tu bila kuvuta. Imekufa?*
Inawezekana ni nzima kabisa. Pampu ya kuvuta kutoka juu huishia kama mita 7. Kwa kina chako unahitaji ya kuzamishwa. Na tafadhali, usishushe injini ya mafuta kisimani ili kuisogeza karibu na maji. Moshi wake unaua aliyemo, na anayemfuata kumwokoa.