Somo: Ukoka wa nyumbani haupendi maji ya kila jioni

Habari zenu wadau. Masika yakishapita, kuanzia Juni hivi, naona bustani nyingi hapa Dar zinageuka njano ilhali mwenye nyumba anamwagilia kila siku. Yalinikuta. Nilipanda ukoka wa Pemba mbele ya nyumba, nikawa nashika mpira kila jioni, dakika tano tano. Ukaanza kufa mabaka mabaka. Nilipong'oa kipande nikakuta mizizi mifupi kuliko kidole, na udongo chini yake mkavu kabisa. Maji yalikuwa yanalowesha juu tu, na mizizi hukaa pale maji yalipo.

Hatua ya 1: Hakikisha ukoka una kiu. Ukanyage. Ukiinuka mara moja, uache. Nyayo zikibaki, majani yakajikunja na kupauka, una kiu. Chomeka pia bisibisi ndefu: ikizama bila kutumia nguvu hadi sentimita 15, unyevu bado upo chini.

Hatua ya 2: Pima bomba lako. Hii wengi wanairuka, nami nawasihi msiiruke. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye mpira, uangalie saa. Tuseme imejaa kwa dakika moja. Wakati wa kiangazi, ukoka uliokwisha kushika unahitaji kama lita 20 hadi 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Eneo la mita 6 kwa 5 ni mita za mraba 30. Ukichukua lita 20, ni lita 600 kwa wiki. Zigawe mara mbili: lita 300, yaani dakika 15 kila mara. Kwa mwezi haifiki uniti tatu za maji (uniti moja ni lita 1,000).

Mwenye springla apange makopo matupu sehemu mbalimbali. Maji yakifika milimita 10 kwenye kopo, umetoa lita 10 kwa mita ya mraba. Utashangaa kona nyingine zinapata nusu ya wenzake.

Hatua ya 3: Amka mapema. Saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Mchana jua na upepo vinayachukua maji. Jioni majani yanalala yamelowa, na kwa joto letu la pwani hiyo ni kuwakaribisha fangasi. Kama mgao unaleta maji usiku, jaza simtanki, umwagilie asubuhi.

Hatua ya 4: Subiri saa moja, rudi na bisibisi. Isipozama vizuri, ongeza.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, kwangu ni kichanga kitupu, maji yanapotea papo hapo.*
Kichanga hakishiki maji mengi kwa pamoja. Kiasi ni kilekile cha wiki, ila kigawe mara tatu. Mboji iliyochekechwa, ukiitandaza nyembamba juu ya ukoka mvua zikianza, itasaidia udongo kushika unyevu.

*Mimi niko Dodoma, udongo wangu ni mfinyanzi. Nikimwagilia dakika kumi maji yanakimbilia barabarani.*
Funga pale tu yanapoanza kutiririka. Pumzisha nusu saa, kisha endelea. Udongo ukishikana sana, utoboe kwa uma wa bustani kabla ya kumwagilia.

*Nimetandika ukoka juzi, nifuate ratiba hii?*
Hapana dada, bado. Huo haujashika. Wiki mbili za mwanzo ulowanishe kidogo kila siku, hata mara mbili jua likiwa kali. Vuta kipande taratibu. Kikigoma kunyanyuka, mizizi imeingia. Hapo anza kupunguza siku na kuongeza kiasi.

*Maji ya kisima changu yana chumvi, ncha za majani zinaungua.*
Pole sana, visima vingi vya karibu na bahari vina shida hiyo. Kumwagilia kidogo kidogo ndiko kunakoizidisha: maji yanakauka, chumvi inabaki juu. Mwagilia kwa kina ili ishuke chini ya mizizi, na ukiweza kinga maji ya mvua, uyatumie kuusuuza udongo. Majani nayo usiyakate mafupi sana. Kila ukifyeka, ondoa theluthi moja tu ya urefu, maana majani marefu yanautia udongo kivuli usikauke haraka.