Kumtoa mtoto mdogo nje akaone viumbe na mimea

Wazazi wengi ukiwaambia watoe watoto nje wakaone mazingira wanawaza safari, msitu, gari, mabegi, kumbe mtoto wa miaka 2 mpaka 5 wala hahitaji hata mita mia, mpe sehemu yenye majani kidogo, jiwe na mti, saa nzima itaishia hapo hapo na bado atagoma kurudi ndani.

Mvalishe nguo ambazo zikichafuka hutamgombeza, viatu vya kufunika vidole, kofia na maji ya kunywa. Wewe beba kopo la plastiki linaloonyesha ndani, karatasi na krayoni, basi. Tokeni asubuhi au jioni, jua la mchana linamchosha haraka.

Mkifika, usiongoze. Hili kwangu ndio kubwa kuliko yote, maana tukishatoka tunakuwa na haraka ya kumfikisha mtoto mahali wakati yeye ameshafika, ameona kitu ameinama, sasa na wewe chuchumaa hapo uangalie anachoangalia, na kabla hujamwambia jina lake muulize kinafanya nini, kinaenda wapi. Jina atalijua tu.

Mkitaka kufunua jiwe, shika ule upande wa mbali uinulie kuja kwako, ili kikitoka kitu jiwe liwe kinga kati yenu. Angalieni, halafu mlirudishe taratibu kama mlivyolikuta, mwambie mtoto hilo ni paa la nyumba ya watu. Na kweli ni paa, nyungunyungu kwa mfano anapumua kwa ngozi, ngozi ikikauka anakufa. Hesabuni miguu, mdudu ana 6, buibui 8, mtoto wa miaka minne anaweza kabisa na akishajua hilo atahesabu miguu ya kila kitu.

Sheria iwe moja, macho kwanza, mkono mpaka mkubwa aseme ndio. Tandu anauma, viwavi wenye manyoya wengine wanawasha, na jongoo akishtuka anaweza kutoa majimaji, yakiingia machoni yanachoma sana.

Mkikuta msururu wa sisimizi kaeni nao kidogo. Chukua kijiti ufute ardhi kukatiza njia yao, utaona wanasimama, wanababaika, wanazunguka, kwasababu wanafuata harufu iliyoachwa na wenzao na wewe umeifuta. Baada ya muda njia inarudi. Muache mtoto asubiri mwenyewe aone.

Konokono nae muweke juu ya kile kopo, akishaanza kutembea mwangalieni kwa upande wa chini, mtaona mawimbi yanapita kwenye tumbo lake, ndio anavyosogea. Zile pembe mbili ndefu, macho yapo kwenye ncha.

Kama hamna mdudu siku hiyo, chukua jani lililoanguka, geuza upande wa chini wenye mishipa iliyotokeza, weka karatasi juu, laza krayoni usugue. Jani lote linatokea na mishipa yake, na mtoto atataka majani kumi mengine.

Akiogopa kitu usimlazimishe kushika, rudini hatua mbili muangalie kwa mbali, na wewe mwenyewe jitahidi sana usipige kelele maana woga anauchukua kwako.

Penye maji, hata kidimbwi cha kina cha sentimita chache tu, mtoto mdogo anaweza kuzama, na mara nyingi anazama kimya bila kelele, kwahiyo kaa umbali wa kumfikia kwa mkono na simu iwe mfukoni. Tunda au uyoga wa porini usiingie mdomoni hata kama unafanana na wa nyumbani.

Kabla ya kuondoka rudisheni kila kilicho hai pale mlipokitoa, vijiwe na majani makavu aje navyo nyumbani, na mkifika tu mikono ioshwe kwa sabuni kabla hajagusa chakula.