Kusoma kabila na uraia wa wazee katika hati za zamani za Unguja na Pemba

Hatua ya 1: Tafuta hati zenye majina. Ripoti za sensa za 1924, 1931, 1948 na 1958 ni majedwali ya jumla, jina la babu hulikuti humo. Jina liko kwenye cheti cha kuzaliwa au cha kifo, hati ya ndoa, hati ya shamba, pasi. Ripoti ya sensa iweke mezani pembeni, ikuonyeshe makabila yaliyokuwa yakihesabiwa miaka ile. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani mjini Unguja, ndiko pa kuanzia.

Hatua ya 2: Nakili neno kama lilivyoandikwa. "Hadimu" (wenyeji wa Unguja), "Manga" (Waarabu wa Omani), "Shihiri" (Waarabu wa Hadhramaut), usilisahihishe. Andika mwaka, mtaa na aliyetoa habari.

Hatua ya 3: Tenganisha kabila na uraia. Ingawa Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, Sultani alikuwa na raia wake. Mhadimu wa Makunduchi na Mwarabu aliyezaliwa Chake Chake wote huweza kuandikwa raia wa Sultani. Mgoa aliandikwa Mreno kwa kuwa Goa ilikuwa ya Ureno hadi 1961, na Mngazija, mtu wa visiwa vya Komoro vilivyotawaliwa na Ufaransa, alihesabiwa upande wa Wafaransa. Usianze kumtafuta babu Lisbon.

Hatua ya 4: Linganisha miaka. Hapa ndipo watu wengi wanapokata nasaba kwa makosa, kwa hiyo nenda polepole.

Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, idadi ya walioandikwa Waswahili ilishuka mno, na Washirazi, wenyeji wanaojinasibisha na Shiraz ya Uajemi, wakaongezeka. Hawakufa wala hawakuhama. Baada ya utumwa kupigwa marufuku 1897, wengi walioachwa huru walijiita Waswahili, na jina hilo likaanza kunasibishwa na utumwa, watu wakalikimbia. Basi bibi aliyeandikwa Mswahili 1922 na Mshirazi 1933 anaweza kuwa mtu yuleyule. Thibitisha kwa jina la baba yake, mtaa na shamba, kabla hujamgawa watu wawili. Wakati wa vita kuu ya pili kulikuwa na sababu nyingine ya kubadili kabila: mgao wa chakula mjini ulifuata kabila, na mchele ulikwenda zaidi kwa Waarabu na Wahindi. Hati ya miaka hiyo isome kwa tahadhari zaidi.

Mtoto wa Mwarabu na suria, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake, alikuwa huru na alichukua nasaba ya baba, kwa hiyo neno "Mwarabu" halikwambii lolote juu ya upande wa mama. Mtafute mama peke yake, hasa kwenye hati za ndoa na wakfu.

Maneno "Mnyasa" (wa upande wa Ziwa Nyasa) na "Mmanyema" (wa mashariki ya Kongo) nayo yana mtego. Kwa aliyeletwa utumwani, mara nyingi neno hilo hutaja sehemu aliyotokea au njia aliyopitishwa, si kabila la mama yake. Likupe mwelekeo tu.

Na cheti cha kifo ni dhaifu kuliko cha ndoa: marehemu hakuulizwa, aliyejibu pengine ni jirani, na karani naye aliweza kuandika kwa alivyomwona mtu.

Hatua ya 5: Weka jedwali lako. Safu tano: mwaka, hati, neno lililoandikwa, mtoa habari, mahali. Daftari la mistari linatosha, na nalipenda kuliko programu za shajara ya ukoo zenye nafasi moja tu ya asili ya mtu. Ukijaza moja umezifuta nyingine, na hizo nyingine ndizo zitakazokuonyesha pa kutafuta.