2G, 3G, 4G au 5G? Namna ya kuchagua mtandao unaokufaa ukiwa Dar es Salaam

Ile alama ndogo iliyo juu ya kioo cha simu, pembeni ya vijiti vya mtandao, inakueleza umeunganishwa na kizazi gani cha teknolojia. Kasi haikuelezi. Ndiyo maana mtu wa Sinza anaweza kuona 5G imewaka huku video inagandaganda, na mwenzake wa Kigamboni mwenye 4G ya kawaida akaangalia mpira mpaka mwisho.

G na E zote ni 2G. 3G, H na H+ ni kizazi cha tatu, na H+ ndiyo yenye kasi kuliko wenzake. LTE ni 4G kwa jina jingine. 4G+ maana yake simu imeunganisha masafa (frikwensi) mawili au zaidi kwa pamoja. 5G ilianza kuwashwa Dar es Salaam mwaka 2022, na haifiki kila mtaa.

Sasa piga hesabu. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Video ya harusi ya MB 50 ni megabiti 400. Kwenye E yenye megabiti 0.2 kwa sekunde itachukua sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa. Kwenye H+ ya megabiti 4 ni sekunde 100. Kwenye 4G ya megabiti 20 ni sekunde 20, na kwenye 5G ya megabiti 200 ni sekunde 2. Kutoka E kwenda H+ umeokoa nusu saa. Kutoka 4G kwenda 5G umeokoa sekunde 18. Kwa simu ya mtu mmoja, 4G imara inatosha kabisa. 5G inalipa pale ruta moja inapolisha nyumba nzima au ofisi yenye kompyuta kadhaa.

Kupima pale ulipo, fanya hivi. Zima programu zinazojisasisha, kaa sehemu ileile, fungua fast.com asubuhi, kisha saa 8 mchana, kisha saa 2 usiku. Cha usiku ndicho muhimu: watu wamerudi nyumbani na wote wanagawana mnara mmoja. Angalia bando lako kabla, maana kipimo kimoja kwenye 5G kinaweza kula mamia ya MB. Halafu ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, badilisha aina ya mtandao kutoka 5G kwenda 4G, washa na kuzima hali ya ndege, upime tena. Ikiwa 4G inakaribia au kuishinda 5G, baki nayo. Simu inayohangaika kutafuta 5G dhaifu inamaliza chaji.

Nguvu ya mawimbi nayo ina namba. Simu nyingi za Android huionyesha kwa *#*#4636#*#*, na Samsung nyingi kwa *#0011#. Tafuta RSRP: -80 ni nzuri sana, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 usitegemee video. Sababu mojawapo kubwa ya mawimbi kudhoofika ni masafa. Mawimbi ya MHz 700 hadi 900 husafiri mbali na kupenya ukuta. Ya MHz 3500, yanayotumika sana kwa 5G, huzuiwa na zege, bati na hata vioo vya rangi. Kwa hiyo ruta iweke dirishani, upande wa mnara, si nyuma ya televisheni.

Kosa linalofanyika sana ni kulazimisha "LTE pekee" kwenye menyu ileile ya siri ya *#*#4636#*#*. Kama laini au simu yako haipigi simu kupitia 4G, inabidi ishuke 3G au 2G ili kupokea. Ukiifunga isishuke, wanaokupigia wataambiwa hupatikani, na menyu kama *150*00# mara nyingi itagoma. Hii 2G inayodharauliwa ndiyo inayobeba kitochi, SMS na miamala ya watu wengi sana, iache wazi.

Usipopata 4G kabisa mahali ambapo jirani anaipata, anza na laini: kadi za zamani za enzi za 2G hazina uwezo huo, zibadilishwe kwa wakala ukiwa na namba ya NIDA, utaweka na alama ya kidole. Kisha hamisha laini kwenye tundu la kwanza, kwa kuwa simu nyingi za zamani za laini mbili huishia 2G au 3G kwenye tundu la pili.

Bando likiisha haraka baada ya kuhamia 4G au 5G, usifikirie linaibiwa. Faili lilelile lina ukubwa uleule. Kilichobadilika ni YouTube kupandisha ubora yenyewe. Kwa 480p saa moja hula takriban MB 500, kwa 1080p hufika GB 1.5 na zaidi. Weka 480p kwa mkono.

Ukinunua simu iliyotumika Kariakoo, maandishi "5G" kwenye boksi hayatoshi, kwani simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani inaweza kukosa masafa ya huku. Weka laini yako mwenyewe, toka nje ya duka, subiri dakika mbili alama itulie, piga simu moja, fungua video moja, ndipo utoe hela.